Rockbox ndani ya iPod ya zamani yenye kadi ya GB 128: tathmini kutoka Tabora

Kwa miezi saba sasa, iPod ya mwaka 2005, yaani kicheza muziki cha mfukoni cha kampuni ya Apple, iliyotolewa diski yake ya asili, ikawekewa kadi ya kumbukumbu ya GB 128 na kupakiwa programu endeshi ya Rockbox, imekuwa ikitumika kila siku nyumbani kwetu Isevya, mjini Tabora. Anayeitumia ni baba yangu, mwenye umri wa miaka 76, ambaye macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Naandika tathmini hii kwa sababu watu kadhaa waliomwona nayo wameniuliza ni kitu gani na wakipate wapi, na majibu ya kusimama mlangoni hayatoshi.

Baba ana kaseti 163. Baadhi alizinunua, nyingine alizirekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, huku ameketi na kidole juu ya kitufe akisubiri mtangazaji amalize kusema. Humo wamo Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, bendi za mji huuhuu, pamoja na taarabu, kwaya, mawaidha na sauti za ndugu ambao wengine wameshatangulia mbele ya haki. Redio kaseti yake ilipoanza kula kanda, nilianza kuzihamishia kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity, kaseti moja baada ya nyingine, upande wa kwanza na wa pili. Nilichagua kuzihifadhi katika muundo wa FLAC, unaopunguza ukubwa wa faili bila kupoteza chochote cha sauti, kwa kuwa kanda iliyokwisha kuchakaa haistahili kupunguzwa tena na kompyuta. Kaseti ya dakika 60 ilinichukulia wastani wa MB 350 hivi, na kwa hesabu hiyo kaseti zote zingehitaji zaidi ya GB 55.

Simu ilikuwa jibu la kwanza lililonijia, nami nilimpa simu. Alishindwa nayo, kwa sababu kioo cha kugusa humtaka mtu aone anachokigusa, na kila mara alipotaka kusimamisha wimbo alijikuta amempigia mtu. Alichohitaji ni kifaa chenye vitufe ambavyo kidole gumba kinavitambua gizani. iPod ya kizazi cha tano, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 2005, ina gurudumu la kuzungusha lenye kitufe katikati na vingine vinne pembeni, na haina kazi nyingine ya maana zaidi ya kucheza muziki. Niliipata iliyotumika kutoka Kariakoo, ikaletwa kwa basi. Ilikuwa ya GB 30, na diski yake ilikuwa ikitoa mlio wa kukwaruza unaosikika hata ukiiweka mezani.

Kwa hiyo mambo mawili yalihitajika kufanyika, na ningependa msomaji ayatenganishe akilini mwake, kwa sababu watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kubadilisha chombo cha kuhifadhia, yaani kuondoa diski ndogo ya inchi 1.8 inayozunguka na kuweka kadi. La pili ni kubadilisha programu inayokiendesha kifaa. Unaweza kufanya la kwanza ukaacha la pili, na iPod itafanya kazi vizuri tu kwa programu ya Apple. Lakini kwa mtu mwenye mkusanyiko kama wa baba, nafasi kubwa bila Rockbox ingekuwa ghala lisilo na mlango. Programu ya Apple haisomi FLAC kabisa, na hata ningegeuza kila kitu kuwa MP3, isingenionyesha folda zangu: huonyesha tu kile ambacho iTunes, programu ya Apple ya kwenye kompyuta, imekiandika kwenye orodha yake, kwa kufuata jina la msanii, albamu na wimbo lililoandikwa ndani ya faili. Kaseti iliyorekodiwa redioni mwaka 1978 haina albamu. Mara nyingi haina hata jina la wimbo, ina mwandiko wa baba kwenye karatasi tu. Nilipojaribu njia hiyo kwa kaseti ishirini za mwanzo, zote zilirundikana chini ya msanii asiyejulikana, na mzee akaniuliza, "Mwanangu, mbona umezimwaga?"

Rockbox ni mradi wa programu huria ulioanzishwa mwaka 2001 na watengenezaji programu wa Sweden, awali kwa ajili ya vicheza muziki vya Archos, kisha ukaenea kwenye iPod, Sansa na vifaa vingine vingi. Hailipiwi. Haijatelekezwa pia, kama mtu anavyoweza kudhani akitazama umri wa vifaa vyenyewe, kwani toleo la 4.0 lilitoka mwaka 2025. Inasoma FLAC, Opus, Ogg Vorbis, MP3, AAC na miundo mingine mingi, na inafungua folda kama ulivyozipanga wewe kwenye kompyuta. Kuweka muziki ni kunakili tu, kama unavyonakili kwenye flashi.

Kabla ya kufikia huko nilipoteza wiki tatu kwa kadi ya bandia, na naomba nilieleze hili kwa urefu, kwa sababu ndilo tatizo linalowapata watu wengi kuliko yote. Niliinunua katika duka moja la vifaa vya simu nilipokuwa safarini, ikiwa imeandikwa GB 256, kwa bei ambayo ilipaswa kunishtua. Kompyuta iliitambua kuwa ni ya GB 256, na nyimbo ziliingia zote bila onyo lolote. Baada ya siku chache baba akaniambia kwamba kaseti za mwisho "hazisemi kitu". Nilipoipima kadi kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza kadi yote kwa data kisha huisoma upya kuthibitisha kama kilichoandikwa ndicho kilichopo, ilionekana kuwa sehemu inayohifadhi kweli ilikuwa chini ya GB 30. Kadi za namna hii huwa zimebadilishwa kidhibiti chake ili kitangaze ukubwa wa uongo, na nafasi ya kweli ikiisha, kinachoandikwa baadaye hupotea au hufuta kilichotangulia. Duka lilikataa kurudisha fedha, likisema kadi ilikuwa nzima nilipoichukua.

Kadi ya pili, ya GB 128, niliipima kabla haijagusana na iPod. Upimaji ulichukua zaidi ya saa tatu kwenye kompyuta yangu, na nilisubiri usiku, wakati ambao umeme hapa huwa na utulivu zaidi. Mtu yeyote anayekusudia kufanya kazi hii aiweke hatua hiyo mwanzoni, hata kama kadi imetoka kwa ndugu yake mwenyewe.

Kipande kinachounganisha kadi na iPod ni adapta ya iFlash Solo, inayopokea kadi moja ya SD ya ukubwa kamili, na kadi ndogo ya simu (microSD) unaiweka kwenye kibebeo chake. Zipo za aina yake zinazobeba kadi mbili au nne, lakini kwa GB 128 moja inatosha, na ya kadi moja huacha nafasi ndani kwa ajili ya betri. Niliiagiza kutoka nje na kuipokea Posta baada ya karibu mwezi mmoja.

Kufungua nilimwachia fundi simu mmoja karibu na Soko Kuu. Hakuwahi kufungua iPod maishani mwake, na alisema hivyo waziwazi kabla ya kuigusa, jambo lililonifanya nimwamini. Mgongo wa chuma umeshikwa na meno madogo kuzunguka ukingo wote, na unatakiwa kupitishiwa kipande chembamba cha plastiki taratibu, kwa sababu bisibisi ya chuma huacha makovu yasiyotoka. Hatari kubwa inakuja sekunde moja baada ya mgongo kuachia: kuna utepe mwembamba unaotoka kwenye tundu la spika za masikioni na mwingine wa betri, yote miwili imeshikamana na mgongo, na anayeutoa kwa pupa huukata. "Dada, shika tochi, usiongee," aliniambia, nami nikanyamaza kweli. Aliinua kifungio cha utepe kwa ukucha, akatoa diski pamoja na vipira vyake vya bluu, akaweka adapta, akabandika betri mpya kwa gundi ya pande mbili, kisha akaniomba niiwashe kabla hajaibana. Kazi ilichukua dakika arobaini. Alitaka shilingi 15,000, nami nililipa 20,000, kwa sababu kazi ya mikono iliyotulia hivyo ni adimu.

Ilipowaka ilionyesha alama ya folda yenye mshangao, jambo la kawaida, maana kadi ni tupu na kifaa hakina cha kusoma. Hapo unahitaji iTunes mara moja tu. Unabonyeza kitufe cha Menu pamoja na cha katikati hadi iPod ijizime na kuwaka upya, halafu mara moja unashikilia cha katikati pamoja na cha kucheza mpaka iingie katika hali ya diski, kisha unairejesha kwa iTunes kama vile ni mpya. Ifanye kazi hii kwenye kompyuta ya Windows. iPod iliyorejeshwa kwenye kompyuta ya Mac hupangwa katika mfumo wa mafaili wa Apple ambao Rockbox haiusomi. Rockbox inataka mfumo wa FAT32, ambao ndio unaotumika iPod ikirejeshwa kwenye Windows. Usishangae kuona GB 119 badala ya 128. Hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu, wala hakuna aliyekuibia.

Kupakia Rockbox yenyewe ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Programu ya Rockbox Utility huitambua iPod ikiwa imechomekwa, huweka kipakiaji cha mwanzo na folda yenye programu, na ndani ya dakika chache kazi imekwisha. Programu ya Apple haifutwi. Ukitaka kuirudia, unasukuma kitufe cha kufungia kilicho juu ya kifaa mara tu kinapoanza kuwaka, na unaikuta kama ulivyoiacha.

Sasa nifike kwenye matumizi, ambako ndiko hukumu ilipo. Nimezipanga kaseti kwa namna ileile ambayo baba amezipanga kabatini: rafu, namba, na jina aliloliandika kwa mkono wake, hata pale alipokosea tahajia. Anapozungusha gurudumu anapita rafu kwa rafu. Hahitaji kujua wimbo unaitwaje, anajua ulikaa kaseti ya ngapi, na kwamba ulifuata baada ya tangazo la vifo. Rockbox inaucheza upande mzima wa kaseti bila kukatika kati ya faili na faili, na akizima katikati ya mawaidha ya saa nzima, alamisho humrudisha palepale aliposimama. Alipokwenda Ujiji kwa shangazi kwa treni ya usiku, alisikiliza tangu Tabora, akalala mahali fulani baada ya Kaliua, na asubuhi akaendelea na sentensi ileile. Katika njia hiyo mtandao wa simu hukatika kwa masafa marefu, na mwenye kutegemea muziki wa intaneti hubaki na mlio wa reli.

Jambo ambalo sikulitegemea, na ambalo peke yake lingenitosha kuisifu Rockbox, ni uwezo wake wa kutamka majina ya folda. Rockbox Utility inaweza kutengeneza vipande vidogo vya sauti kwa kila folda kwa kutumia programu ya kusoma maandishi, na eSpeak, ambayo ni ya bure, inajua Kiswahili. Niliandika alama ya lugha, sw, katika chaguo zake, nikaiacha ifanye kazi, kisha nikawasha usomaji wa folda katika mipangilio ya sauti. Sauti ni ya mashine, kavu, isiyo na pumzi. Ilipokuta neno Jazz ililitamka kwa namna ambayo baba hakuitambua kabisa, na nilipobadilisha jina la folda likawa Tabora Jazi, ikasoma kama mtu wa mtaa wa Ng'ambo, hapahapa Tabora. Tangu siku hiyo nimezipitia folda zote na kuziandika kama zinavyotamkwa. Mzee anazungusha gurudumu, sauti inamtajia, akisikia anachokitaka anabonyeza katikati. Miwani inabaki mezani.

Kuna zana nyingine ndani ya Rockbox ambayo sijaiona ikitajwa vya kutosha na watu wanaohifadhi muziki wa zamani. Redio kaseti zetu hazikuwa na mwendo mmoja, kwa hiyo kanda iliyorekodiwa kwenye mashine moja na kuchezwa kwenye nyingine hutoka ikiwa juu au chini kuliko ilivyopigwa. Rockbox ina ukurasa wa kurekebisha kimo cha sauti kwa asilimia ndogo ndogo wakati wimbo unaendelea. Jioni moja tulikuwa na kaseti ya Nyanyembe Jazz ambayo mwimbaji alisikika kama kijana mdogo kuliko alivyokuwa. Nilishusha asilimia moja, ikafuata ya pili, kisha ya tatu na nusu, na baba akainua mkono: "Hapo. Huyo ndiye." Faili lenyewe halikuguswa, kwa hiyo niliandika namba hiyo kwenye daftari, na baadaye nikalirekebisha kwenye kompyuta kwa kipimo ambacho sikio lake limekithibitisha.

Kasoro zipo, nazo si ndogo kwa kila mtu. Menyu za Rockbox ni nyingi mno, na mtu anayezifungua kwa mara ya kwanza atakutana na kurasa za mipangilio ambayo hataihitaji kamwe. Mimi nimepunguza menyu kuu hadi ikabaki na mafaili, alamisho na mipangilio, na nakushauri ufanye hivyo kabla ya kumkabidhi mzee. Sura inayokuja nayo haina mvuto, ingawa unaweza kupakia nyingine. Nyimbo zilizonunuliwa iTunes zamani zikiwa na kufuli ya hakimiliki hazichezi. Ukiamua kutumia hifadhidata ya nyimbo badala ya folda, kuijenga kwa mara ya kwanza hukuweka ukisubiri, hasa kwa iPod ya GB 30 ambayo ina kumbukumbu ya MB 32 tu, tofauti na zile za GB 60 na 80 zilizopewa MB 64. Hakuna Bluetooth, kwa hiyo ni spika za masikioni zenye waya au waya wa kwenda kwenye redio. Mara mbili katika miezi saba imeganda, nikalazimika kubonyeza Menu na cha katikati kuiwasha upya, na mara zote mbili nilikuwa nimeichomoa kwenye kompyuta kabla ya kuitoa kwa utaratibu. Betri mpya inampa baba siku tatu hadi nne kwa usikilizaji wa saa nne kila siku, na kwa mji ambao umeme hukatika bila taarifa, hilo nalihesabu kuwa jema sana.

Kwa anayetaka kununua: tafuta iPod ya kizazi cha tano, ya mwaka 2005 au ile iliyoboreshwa ya 2006, ambayo ni rahisi kufungua kwa sababu mbele yake ni ya plastiki. iPod Classic za kuanzia 2007 ni za chuma pande zote mbili, zinamtesa fundi, na zile za 2007 na 2008 zikiwekewa kadi, chini ya programu ya Apple hazitambui zaidi ya GB 128, wakati ya GB 160 ya mwaka 2009 haina kikwazo hicho. Asiyetaka kufungua chochote anaweza kutafuta Sansa Clip+ au Clip Zip, vicheza muziki vidogo ambavyo vina tundu la kadi ubavuni na vinapokea Rockbox. Kadi ya GB 64 na zaidi huja ikiwa katika mfumo wa exFAT, na lazima uipange upya kuwa FAT32, la sivyo Rockbox haitaiona. Skrini za Sansa hizo ni ndogo sana, lakini kwa anayesikiliza majina badala ya kuyasoma, hilo halina uzito.

Gharama yangu yote, ukiondoa ile kadi ya bandia, ilikaribia shilingi 270,000, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye iPod na adapta. Simu ya kawaida ingepatikana kwa fedha hizo. Nimeshahamisha kaseti 121. Zilizobaki 42 nyingi ni za rafu ya chini, ambayo baba huiita rafu ya watu, yenye sauti za harusi, misiba na barua za kusomwa, na kwa hizo ameomba majina ya folda yatamkwe kwa sauti yangu, mashine isizisome. Nimeanza kuzirekodi juzi.